Umri wa Kumpandisha Nguruwe Jike na Namna ya Kumfanya Azae kwa Muda Mrefu

Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, wa mbegu ya Large White au Landrace aliyelishwa vizuri huanza kuingia joto, yaani kuhitaji dume, akiwa na miezi 5 hadi 7, na hapo ndipo wafugaji wengi hukosea kwa kumkimbiza kwa dume. Joto hilo la kwanza liandike kwenye daftari, umwache. Atarudi baada ya siku 21 hivi, na ni katika joto la pili au la tatu, akiwa na miezi 7 hadi 8 na uzito usiopungua kilo 120, ndipo anapoweza kubeba mimba ya siku 114 huku mwili wake mwenyewe ukiendelea kukua.

Uke kuvimba na kuwa mwekundu huonyesha tu kwamba joto linakaribia. Mkandamize kiunoni kwa viganja viwili asubuhi kukiwa na ubaridi. Akisimama tuli na kukaza masikio, mpandishe siku hiyo, kisha urudie baada ya saa 12 hadi 24.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, majike wengi huharibiwa na unyonyeshaji wa kwanza kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mama huyo mchanga hana hamu kubwa ya kula, na chakula kisipotosha hutengeneza maziwa kwa kuutafuna mwili wake, ndiyo maana uzao wa pili huwa na vitoto vichache. Kwa siku mpe kilo 2 za chakula kwa ajili yake na takriban nusu kilo kwa kila kitoto, ukizigawa mara tatu, na maji yasikauke kabisa. Pitisha kiganja kwenye nyonga: mfupa uupapase kwa kukandamiza, usiuone kwa macho. Baada ya kuachisha vitoto kunyonya, kwa kawaida ataingia joto ndani ya siku 4 hadi 7. Akiwa amekonda sana, ruka joto hilo usubiri linalofuata.

Uvumilivu huu una hesabu yake. Jike huzaa vizuri zaidi kati ya uzao wa tatu na wa tano, na gharama za kumlea mara nyingi hazirudi kabla ya uzao wa tatu, hivyo anayeondolewa baada ya uzao wa pili huondoka na fedha ya mfugaji. Kuanzia uzao wa sita hadi wa nane, vitoto vinavyozaliwa vimekufa vikiongezeka au miguu ikidhoofika, muuze. Nafasi yake ijazwe na binti wa jike ambaye daftari linaonyesha amelea uzao baada ya uzao, mwenye chuchu nzima zisizopungua 12.