Nyumba ya zamani ya matofali? Kwaruza kwanza kwa msumari

Ukipata nyumba ya wakati wa Wabelgiji hapa Lubumbashi na unataka kuigeuza duka au ofisi, usimwache masoni aanze kwa kuipiga lipu ya simenti. Chukua msumari, kwaruza kwenye viungo, pale tofali linapokutana na tofali. Ikitoka unga laini, matofali yameshikwa kwa chokaa au udongo, na ukuta huo unapumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea kwenye viungo na kukauka. Ukiuziba kwa simenti ngumu, unyevu unabaki ndani na kupanda juu zaidi, chumvi inatokeza nyeupe ukutani, kisha lipu inabanduka pamoja na uso wa tofali. Mimi nililipa mara mbili ndipo nikaelewa.

Tumia chokaa na mchanga. Lakini anza nje, kabla mvua za Novemba hazijashika: rekebisha mifereji ya paa, na udongo uliorundikana ukutani uushushe uwe chini ya sakafu. Vyumba vya ndani gawanya kwa mbao tu.

Paa likiwa la yale mabamba ya saruji ya kijivu yenye asbesto (nyuzi za madini), usilikate wala kulitoboa kwa mashine. Vumbi lake linaua mapafu polepole.