Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Tabibu wa Kijiji

Katika mazishi mengi ya Tanzania, historia fupi ya marehemu husomwa karibu na salamu za rambirambi, na msomaji hupewa dakika tano, pengine kumi. Ukikabidhiwa kazi hiyo na kamati ya mazishi, na marehemu alikuwa tabibu aliyehudumu zahanati moja kwa miaka mingi, kosa lililo karibu nawe zaidi ni kunakili faili lake la utumishi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu. Waombolezaji hawakuja kusikiliza barua za uhamisho. Wengi wao wamekuja kwa sababu upo usiku ambao aliamka kwa ajili yao.

Anza kwa kuwauliza watu watatu: mjane, muuguzi aliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, na jirani asiye ndugu. Usimwulize yeyote kati yao kama marehemu alikuwa mtu mwema, kwa kuwa msibani jibu la swali hilo ni moja tu. Mwulize mjane ni nini kilichotokea nyumbani hodi ilipopigwa saa nane za usiku: nani aliwasha taa ya chemli, nani alikwenda mlangoni, na kama watoto walirudi kulala au walikaa macho mpaka baba arejee. Majibu ya namna hiyo yatakuonyesha mahali utabibu wake na ubaba wake vilipokutana, maana nyumba ya tabibu wa kijiji mara nyingi huwa hatua chache kutoka zahanati, na familia hulipa sehemu ya gharama ya huduma ile bila malipo hayo kuandikwa katika rejesta yoyote. Ikiwa siku za huduma ya mkoba, alipokwenda kuchanja watoto vitongojini, wanawe walikula chakula cha jioni bila yeye, liandike hilo pia. Usihofu kwamba litampunguzia heshima. Wanawe walioketi mbele wanalijua tayari.

Cheo chake kiandikwe kama kilivyokuwa. Vijijini karibu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, ilhali tabibu, daktari msaidizi na muuguzi ni kada tofauti zenye mafunzo tofauti, na wenzake wa kazi waliohudhuria watalitambua kosa papo hapo. Ukiandika kwamba alikuwa tabibu, ingawa kijiji kizima kilimwita daktari, utakuwa umesema kweli na umempa heshima zote mbili.

Tarehe zitakusumbua, hasa kwa wazee wanaokumbuka miaka kwa matukio. Akikuambia mtu kwamba marehemu alifika wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, hapo ni 1973, kampeni iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujifunza, watu wakachimba vyoo na kuondoa mazalia ya mbu. Akisema ni wakati wa Vita vya Kagera, ni 1978 hadi 1979. Akisema ni wakati klorokwini, dawa ya malaria, ilipoachwa na dawa nyingine, SP, ikashika nafasi yake, ni 2001. Matukio hayo yatakueleza pia marehemu alipambana na nini. Aliyehudumu mkoani Kagera tangu 1983, mwaka ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo, aliuguza watu kwa miaka ishirini hivi kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bila malipo mwaka 2004.

Hapo ndipo tahadhari kubwa inapohitajika, kwa kuwa kifo cha tabibu hakifungui siri za wagonjwa wake. Usimtaje aliyetibiwa, hata kwa sifa, mpaka mwenyewe akubali. Na ukiandika habari za mama wa nyumba iliyo nyuma ya kanisa aliyeokolewa pamoja na mapacha wake, ujue umeshamtaja jina. Anayetaka kushuhudia apewe nafasi wakati wa rambirambi, aseme kwa kinywa chake kile anachotaka kijulikane.

Orodha ya watoto ihakikiwe na wazee wa ukoo kabla ya kuandikwa, kwani jina lililorukwa huumiza kuliko sifa iliyosahauliwa. Mali na mirathi visiguswe kabisa. Nimewahi kuona msiba ukigeuka baraza la kesi kwa sababu ya sentensi moja iliyosema shamba fulani aliachiwa fulani.

Kwa Waislamu, ambao huzika mapema, andiko la namna hii hufaa zaidi siku ya hitima, na siku hizo chache zitakupa nafasi ya kuuliza zaidi. Popote litakaposomwa, lisizidi kurasa mbili. Msomee mjane kwa sauti siku moja kabla, na kalamu iwe mkononi, ili akisema "hapo sivyo" urekebishe palepale.