Somo: Kopi za kijivu na tona inayomwagika, chunguza kabla ya kununua dramu

Mashine ya fotokopi ikichafua karatasi, wengi hukimbilia kubadilisha dramu (silinda inayobeba picha kabla haijafika kwenye karatasi). Ni pesa nyingi kutoa kwa kubahatisha. Tafuta kwanza tona, yaani wino wa unga, inazidi wapi.

1. Printi ukurasa kutoka kwenye kompyuta. Ukitoka safi na kopi ikawa chafu, tona haina kosa. Safisha kioo na vioo vya ndani vya skana.

2. Printi nayo ikiwa chafu, piga kopi ya karatasi nyeupe na ufungue mlango wa mbele karatasi ikiwa katikati ya safari. Zima, chomoa dramu ukijihadhari na fyuza (sehemu inayogandisha tona kwenye karatasi kwa joto), ina moto. Dramu itazame upesi kisha uifunike kitambaa cheusi, kwani mwanga huiharibu.

Tona ikiwa kwenye sehemu ya dramu iliyopita developa (kitengo chenye unga wa chembe za chuma unaopeleka tona kwenye dramu) lakini haijagusa karatasi, shida ni developa au chaji, yaani umeme tuli unaoshika tona. Tona ikibaki hata baada ya bledi (ukingo unaofuta dramu), bledi imekwisha au njia ya tona chafu imeziba. Dramu ikiwa safi kote, angalia rola ya kuhamishia tona kwenye karatasi, na fyuza.

3. Ukishuku developa, toa chupa ya tona na upige kopi 20 hadi 30 za ukurasa wenye weusi mwingi. Kijivu kikipungua, tona ilizidi. Kikirudi baada ya kurudisha chupa, chunguza sensa ya tona, inayopima kiasi cha tona ndani ya developa.

Hapa ndipo hewa ya Mombasa inapotuumiza. Tona hupata chaji kwa kusuguana na chembe za chuma za developa. Unyevu hupunguza chaji hiyo, chembe zinashikamana, na sensa ya sumaku inadhani tona imepungua. Basi mashine inaongeza tona juu ya tona. Tona ya modeli nyingine, hata ikiingia vizuri kwenye chupa, huleta madhara yaleyale.

4. Ukiweka developa mpya, lazima usomaji wa sensa usetiwe upya kwenye modi ya fundi (menyu ya matengenezo ya mashine). Ukiruka hatua hii, umemwaga developa bure.

MASWALI

Fundi, naweza kuvuta tona kwa vakyumu ya nyumbani?
Hapana, ndugu yangu. Vumbi lake hupita kwenye filta na kurudi chumbani, na cheche ya umeme tuli inaweza kuliwasha. Tumia vakyumu ya tona. Tona ikiingia nguoni, kung'uta, kisha maji baridi; ya moto huigandisha.

Asubuhi kopi ni za kijivu, mchana zinasafika. Duka langu liko Likoni.
Huo ni unyevu wa usiku, dada. Mashine nyingi zina hita ya kukausha inayofanya kazi ikiwa plagi imechomekwa, hata swichi ikizimwa. Usichomoe usiku. Rimu iliyofunguliwa ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Nimebadilisha dramu, mstari mweusi wa wima bado upo.
Safisha waya au rola ya chaji, inayoipa dramu umeme tuli, kwa pamba kavu. Mstari ukibaki, kagua ukingo wa bledi kama umekatika.