Somo: Zipe nodi majina kabla hujabonyeza Run (LTspice)

Wengi kwenye kikundi chetu hapa Arusha mnachora saketi vizuri kwenye LTspice, programu ya kujaribu saketi kwenye kompyuta, halafu mnaniletea grafu ya V(n003) mkiuliza mbona haieleweki. Hata mimi siielewi, n003 ndiyo ipi? Nodi (sehemu waya zinapoungana) isiyo na jina programu huipa namba yenyewe: N001, N002 na kuendelea. Ukiongeza rezista moja tu, namba zinaweza kuhama, na grafu ya jana leo ikaonyesha waya mwingine.

Tufanye na adapta ya kawaida: transfoma ya kushusha 230 V, 50 Hz ya TANESCO hadi 12 V, dayodi nne za briji (za kugeuza AC kuwa DC), kapasita ya 1000 µF na rezista ya ohm 100 kama mzigo.

1. Chora. Badala ya transfoma weka chanzo cha volteji, SINE(0 17 50). Ni 17 kwa sababu hapo kinatakiwa kilele: 12 × 1.414.

2. Weka graundi kwenye hasi ya kapasita, na hapo tu. Kwa SPICE (injini ya hesabu ndani ya LTspice) graundi ni nodi 0, volti zote zinapimwa kutoka hapo. Wengi huongeza graundi nyingine kwenye mguu mmoja wa chanzo, eti AC nayo lazima iwe nayo. Sasa alama zote za graundi ni nodi moja, kwa hiyo umeunganisha waya ambao hukuuchora. Dayodi moja imepigwa shoti, na kila nusu wimbi hasi dayodi ya jirani inabaki peke yake kati ya ncha mbili za chanzo. Mkondo unaruka hadi namba za kuchekesha. Mezani ungenusa moshi.

3. Bonyeza F4 (LTspice XVII), andika jina, bandika lebo ikigusa waya. Ncha za chanzo ziite ac1 na ac2, chanya ya kapasita iite plus. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Nafasi na alama ya kutoa ziepuke. Ukiandika 0 ukidhani ni herufi O, umeipeleka nodi graundi.

4. Weka .tran 100m (simulesheni ya milisekunde 100) na mstari huu wa kupima ripo, yaani kupanda na kushuka kwa volti kunakobaki kwenye kapasita:

.meas TRAN ripo PP V(plus) FROM 60m TO 100m

Run, kisha Ctrl+L usome ripo. Hesabu ya kichwani: mkondo wa mzigo ni karibu 15 V ÷ ohm 100 = 0.15 A, kapasita inachajiwa mara 100 kwa sekunde, na 1000 µF ni 0.001 F; kwa hiyo 0.15 A ÷ (100 × 0.001) = 1.5 V. Simulesheni itatoa pungufu kidogo, maana kapasita haikai ikitoa chaji milisekunde zote 10.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mbona V(ac1) imekatwa upande wa chini?
– Marahaba. Umeipima kutoka graundi, na dayodi hairuhusu ishuke sana chini ya sifuri. Andika V(ac1,ac2), utaona wimbi zima.

Kaka, naweza kuandika plus sehemu mbili nisichore waya mrefu?
– Ruksa, jina moja ni waya mmoja. Ila ukikosea ukaandika pluss, mzigo umekatika na mchoro bado unapendeza machoni. Fungua View, SPICE Netlist (orodha ya vifaa na nodi zake), usome majina.

Mimi niko Moshi, natumia KiCad, programu nyingine ya kuchora saketi. V(plus) haipatikani kabisa.
– Lebo ya kawaida ya KiCad huwekewa mkwaju (/) mbele. Jaribu V(/plus).