Kufundisha wanyamapori kwa simu moja: hatua ninazofuata

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Darasa la Nne alikuja nyumbani na simu yake, akitaka nimwoneshe ninavyoandaa vipindi vya wanyamapori. Tulikaa hadi saa nne usiku. Muda mwingi ulikwenda kwenye jambo moja tu, kupata picha za mnyama sahihi, ambalo miaka iliyopita liliwahi kunimalizia bando la wiki nzima. Nimeona niandike hatua zote, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Shule yetu iko Tanzania, chini ya milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero. Ninatumia simu janja moja, spika ndogo na projekta ya kuazima. Projekta ikikosekana, ninagawa makundi ya watoto sita sita na simu inazunguka.

Hatua ya 1: Anza na majina ya watoto

Kabla hujafungua intaneti, waulize watoto wanawajua wanyama gani na nyumbani wanawaitaje. Andika yote kwenye karatasi ya manila, hata ya kilugha. Darasa langu lilinipa "ngolaga", kima wa kijivu anayeishi milima hii na hapatikani kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakampa jina la Cercocebus sanjei, kutokana na mahali paitwapo Sanje, hapa hapa kwetu. Wazee walishamjua na walishampa jina. Nilipowaeleza watoto hivyo, kipindi kizima walikaa wima.

Hatua ya 2: Tafuta jina la kisayansi kabla ya kutafuta picha

Hii ndiyo hatua yenyewe, naomba usiiruke.

Mara ya kwanza niliandaa kipindi cha mbwa mwitu. Nikaandika "mbwa mwitu" mtandaoni, nikapakua picha na video mbili. Kesho yake darasani mtoto mmoja, ambaye baba yake ni askari wa wanyamapori, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbwa mwitu ana mabaka, na masikio yake ni ya duara." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimewaonesha mbwa mwitu wa Ulaya, yule wa kwenye theluji, kwa sababu hadithi za Kizungu zilipotafsiriwa alipewa jina la huyu wa kwetu. Wa kwetu ni Lycaon pictus, mnyama mwingine kabisa.

Na si yeye tu. Ukiandika "kanga" unaletewa nguo. Ukiandika "pofu" unaletewa habari za macho, na "mbuni" anachanganyika na kahawa. "Tai" zinakuja za kuvaa shingoni. Ukitafsiri "nyati" kwa mashine unaweza kuishia kwa nyati wa Marekani mwenye manyoya mengi. Kwa majina ya wanyama situmii kabisa mashine za kutafsiri, na simshauri mwalimu yeyote azitumie.

Ninachofanya ni hiki. Ninafungua Wikipedia ya Kiswahili na kutafuta mnyama. Pembeni kuna kisanduku cha uainishaji wa kisayansi, na ndani yake jina la maneno mawili kwa herufi za mlalo. Ninalinakili na kulibandika kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu hupandisha picha za viumbe walioviona, na ambako huhitaji kujisajili ili kuangalia tu. Kisha ninatazama ramani ya mahali mnyama alipoonekana. Kama alama zimejaa Ulaya au Asia na Tanzania hakuna hata moja, nimekosea mnyama na ninarudi mwanzo. Ramani ikikubali, ndipo ninapolipeleka jina lile lile Wikimedia Commons, hazina ya picha za mtandaoni, kutafuta picha. Picha za pale zimeruhusiwa kutumika, nami huandika jina la mpigapicha chini ya kila moja.

Kuna mambo manne ya kuangalia hapa. Kwanza, majina mengine ni ya kundi zima: swala, nguchiro, kinyonga. Hapo iNaturalist inakuruhusu kuchagua kundi na nchi, ikakuonesha aina zilizoonekana Tanzania. Chukua mbili au tatu, usichukue zote.

Pili, jina linabadilika kutoka mahali hadi mahali. Anayeitwa ngedere na mtoto wa kijiji kimoja, mwingine anamwita tumbili. Usibishane nao. Weka picha tatu mezani, waambie waoneshe kwa kidole.

Tatu, majina ya kisayansi nayo hubadilishwa. Mbega mwekundu wa Udzungwa utamkuta kama Procolobus gordonorum kwenye maandiko ya zamani na Piliocolobus gordonorum kwenye mapya. Ni yule yule.

Nne, kukosekana kwa alama karibu na kijiji chenu hakumaanishi mnyama hayupo. Huku kwetu wanaopandisha picha ni wachache. Tena alama za wanyama walio hatarini, kama kifaru, husogezwa kwa makusudi ili majangili wasizifuate. Waeleze watoto hilo, wanalielewa haraka sana.

Hatua ya 3: Pakua mapema

Pakua usiku au penye Wi-Fi, picha za ukubwa wa wastani. Darasani usitegemee mtandao.

Hatua ya 4: Sauti kwanza, picha baadaye

Wengi huanza na video ya simba akiua. Mimi siipendi. Watoto wanapiga kelele, na ukiwauliza kesho yake wanakumbuka damu tu. Ninaanza na sauti, wakiwa wamefumba macho. Sauti za ndege ninazipata xeno-canto, tovuti ya sauti zilizorekodiwa, kwa jina lile lile la kisayansi. Nikipiga ya hondohondo, darasa zima linamtaja kabla sijauliza. Nilipowasikilizisha perere, anayelia usiku msituni kwa sauti ya kutisha, mtoto mmoja alisema bibi yake huwaambia ni mzimu. Kisha nikawaonesha picha: mnyama mdogo wa manyoya, mla majani, ndugu wa pimbi. Walitaka kumwona tena na tena.

Programu ya Merlin, inayokusaidia kutambua ndege, nayo ni nzuri. Pakua kifurushi cha ndege wa eneo lako nyumbani, halafu inafanya kazi bila mtandao. Tafadhali usirudierudie sauti ya ndege nje, hasa karibu na viota. Ndege hudhani mpinzani amevamia eneo lake, akaacha mayai au makinda kwenda kupambana na spika.

Hatua ya 5: Wape kazi ya kuhesabu

Kwa hili ninatumia picha za Snapshot Serengeti. Kuanzia mwaka 2010, kamera 225 zinazopiga picha zenyewe zilifungwa Serengeti kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na watu wa kawaida mtandaoni wakasaidia kutambua wanyama. Ninachagua picha ishirini. Kila kundi linaandika mnyama gani, wangapi, wanafanya nini. Picha nyingi za kamera hizo zina nyasi tu, kwa hiyo hakikisha kadhaa kati ya ishirini zako hazina mnyama. Mtoto akiandika "hakuna" kwa ujasiri, huyo ameangalia kweli.

Wakichanganya chui na duma, waelekeze usoni: duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kama machozi. Madoa ya chui yamekaa kama maua, ya duma yamejaa.

Hatua ya 6: Toka nje

Hapa tumia Seek, programu ya simu inayotambua viumbe kwa kamera, ambayo haihitaji mtoto ajisajili. Elekeza kamera kwenye mdudu au jani. Isipokuwa na uhakika inaishia kwenye kundi, haikisii jina, nami naipendea hilo. iNaturalist yenyewe ni ya kuanzia miaka 13, hivyo picha ninapandisha mimi kwa akaunti yangu. Sura ya mtoto isionekane, na mahali ninapaficha kwa kuchagua alama isiyo kamili. Kisha ninaandika tarehe kwenye manila ya hatua ya kwanza. Kila Jumatatu tunaangalia kama kuna mtu amethibitisha jina la mdudu wetu.