Kupima Nishati ya Shamba la Mahindi Pembezoni mwa Lubumbashi

Mkulima wa pembezoni mwa Lubumbashi anajua bei ya mfuko wa ureya na bei ya mahindi sokoni, lakini bei hupandishwa na kushushwa na mambo ya mpakani na ya barabarani, hivyo fedha peke yake haimwambii kama shamba linatumia nishati vizuri.

Tuchukue hekta moja. Kilo 100 za ureya zina kilo 46 za naitrojeni, na kwa kukadiria kwamba kiwanda kimetumia megajuli 60 za nishati (megajuli moja ni juli milioni moja) kwa kila kilo ya naitrojeni, mbolea hiyo imebeba megajuli 2,760. Lita 30 za mazuti ya trekta zinaongeza 1,080 hivi. Mavuno yakiwa tani 2, kila kilo ikiwa na megajuli 15, shamba limetoa 30,000, yaani karibu mara 8 ya hizo pembejeo mbili. Yakishuka hadi tani 1, uwiano unabaki karibu 4, ingawa gharama ni ileile. Kwa hiyo ureya ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu ikiachwa juu ya ardhi kavu yenye joto, sehemu yake hupotea hewani kama amonia.

Mavuno makubwa hayathibitishi ufanisi. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani David Pimentel na wenzake, waliohesabu pia mashine na kazi ya watu, walionyesha kwamba mahindi ya Marekani yalirudisha kalori 3.7 kwa kila kalori iliyotumika mwaka 1945, lakini 2.8 tu mwaka 1970, wakati mavuno kwa hekta yalikuwa yameongezeka zaidi ya maradufu.

Lipo pia suala la ubora, ambalo naona tunalipuuza mno. Mwanaikolojia Howard T. Odum alisisitiza kwamba juli moja ya jua, ya kuni na ya umeme hazilingani, kwa kuwa jua jingi hutumika kupata kuni kidogo. Makala, yaani makaa ya kuni, yanaonyesha jambo hilo waziwazi: katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hazifikishi kilo 20 za makala, na zaidi ya nusu ya joto hupotea, ila mjini hupatikana moto mkali, wenye moshi mdogo na rahisi kusafirisha. Anayechoma makala akaushe kuni kwanza, azipange kwa kubana na azibe nyufa za tanuri mara zinapotokea. Mabua ya mahindi yasichomwe. Yatandazwe shambani yaoze.