Viza moja kwa Denmark, Uswidi na Norwei: jinsi ya kuomba, hatua kwa hatua

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na unataka kuzunguka Skandinavia, huhitaji kuomba viza ya kila nchi. Denmark, Uswidi, Norwei, Ufini na Aisilandi zote zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, tangu Machi 2001, na viza moja ya muda mfupi inakufikisha kote. Norwei na Aisilandi hazimo katika Umoja wa Ulaya, na jambo hilo huwachanganya wengi, lakini kwa habari ya viza halibadilishi kitu. Viza hiyo inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180.

Viza ni moja, balozi ni nyingi, na huna ruhusa ya kuchagua ule unaosifiwa mtaani kwamba "hausumbui". Sheria inasema ni nchi ipi ya kushughulikia ombi lako, kutegemea safari yenyewe ilivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupanga ratiba, kabla ya fomu na kabla ya taarifa ya benki.

Hatua ya 1: Ijue nchi yako kuu

Unaomba kwa nchi ambayo ndiyo hasa kituo cha safari, ama kwa sababu utakaa huko siku nyingi zaidi, ama kwa sababu shughuli iliyokutoa nyumbani iko huko. Ikiwa siku zinalingana na hakuna shughuli inayozidi nyingine, unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza.

Chukua ratiba hii. Unatua Copenhagen na kulala usiku 3. Unapanda treni inayovuka daraja la Øresund kwenda Malmö, unaendelea hadi Stockholm, unakaa usiku 4. Kutoka hapo unakwenda Oslo kwa treni, usiku 2, kisha unapanda reli ya Bergen inayokatiza milima kwa takriban saa 7, na unalala Bergen usiku 4 kabla ya kurudi nyumbani. Denmark 3, Uswidi 4, Norwei 6. Ombi hili ni la Norwei, ingawa mguu wako wa kwanza utakanyaga Denmark. Watu wengi hukimbilia ubalozi wa nchi ya kutua na kuambiwa wamekosea mlango.

Shughuli nayo ina uzito. Kama umealikwa harusi ya mdogo wako Gothenburg, na Norwei ni matembezi tu baada ya sherehe, Uswidi ndiyo nchi kuu hata kama siku zimekaribiana. Basi barua yako iseme hivyo waziwazi.

Ushauri wangu ni kukwepa kabisa ratiba ya usiku 4, 4 na 4. Inaruhusiwa, lakini inamfanya mkaguzi ajiulize kwa nini umekuja kwake. Ipe nchi moja angalau usiku 2 zaidi ya nyingine na swali hilo linakufa.

Na usipange nchi tano kwa siku kumi. Umbali wa huku si mdogo: treni ya Copenhagen hadi Stockholm ni kama saa 5, na meli ya Stockholm hadi Helsinki hulala njiani usiku kucha. Ratiba ambayo haiwezekani kutembeka inaonekana ni ya kubuni, nayo ikionekana hivyo karatasi zako nyingine zote zinaanza kutiliwa shaka.

Kuna sehemu tatu za kuangalia sana. Greenland na visiwa vya Faroe viko chini ya Ufalme wa Denmark lakini havimo katika Schengen. Viza ya kawaida haikufikishi huko mpaka iandikwe wazi kwamba inahusu maeneo hayo, kwa hiyo sema tangu mwanzo. Svalbard, visiwa vya Norwei kule karibu na ncha ya kaskazini, vyenyewe havidai viza, ila huwezi kufika bila kupita Norwei bara. Ukienda Svalbard umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili, hivyo omba viza ya kuingia mara mbili. Ukikosa hiyo utakwama kule juu.

Hatua ya 2: Jua pa kupeleka ombi

Unaomba katika nchi unakoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha kufanya kazi Muscat au Dubai anaomba huko huko, wala hana haja ya kurudi Dar es Salaam.

Si kila nchi ya Nordiki, yaani zile tano tulizozitaja mwanzo, inashughulikia viza katika kila mji. Pengine nchi moja huiwakilisha nyingine, pengine maombi hupokelewa na wakala kama VFS Global kisha hutumwa kwenye ubalozi ulio nchi jirani. Mipango hii hubadilika, kwa hiyo ingia kwenye tovuti rasmi ya nchi yako kuu, chagua nchi unakoishi, na ufuate maelezo ya siku hiyo. Usitegemee alichofanya shemeji yako miaka mitatu iliyopita.

Wakala hupokea karatasi, alama za vidole na ada, basi. Haamui. Yeyote anayekuambia kwamba ana mtu wake ndani ni kishoka, na karatasi za kughushi atakazokutengenezea zitakuwa na jina lako, si lake.

Hatua ya 3: Hesabu tarehe

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Mimi ningepeleka miezi mitatu kabla. Wanaosafiri Juni hadi Agosti wawahi zaidi, kwani huo ndio msimu wa kiangazi kule na nafasi za miadi hujaa.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Kama inakaribia kuisha, anza na Uhamiaji.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi

Picha ni ya milimita 35 kwa 45, ya karibuni. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, igharamie matibabu ya dharura pamoja na kukurudisha nyumbani, na ifanye kazi Schengen nzima kwa siku zote za safari. Bima iliyoandikwa Norwei peke yake haifai kwa ratiba yetu.

Tiketi: weka nafasi tu, usilipe tiketi isiyorudishiwa pesa kabla ya viza kutoka. Hoteli vivyo hivyo, chagua zile zinazokubali kufutwa bila malipo. Kila usiku wa ratiba uwe na mahali pa kulala. Ukilala melini kati ya Stockholm na Helsinki, nafasi ya kitanda melini ndiyo malazi ya usiku huo, iambatanishe.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali maombi mengi yanapoangukia.

Kila nchi ina kiwango chake. Norwei kwa kawaida hutaka uonyeshe angalau kroni 500 za kwao kwa siku, Uswidi kroni 450 za kwao, na kiwango hicho huweza kushuka kama kuna mwenyeji anayegharamia malazi na chakula. Lakini mkaguzi haangalii salio tu. Anaangalia jinsi pesa zilivyoingia. Akaunti iliyokuwa ikibaki na laki mbili kila mwezi, kisha wiki moja kabla ya ombi ikapokea milioni kumi, inamwambia kwamba pesa hizo zimeazimwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Kama fedha ni zako kweli, thibitisha. Umeuza kiwanja? Weka mkataba wa mauzo. Ni mkopo wa SACCOS, au zamu yako ya kupokea kwenye chama imefika? Omba barua ya viongozi. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake mengi hupita kwenye simu achukue taarifa ya miamala ya simu iliyogongwa muhuri, aiambatanishe na ile ya benki. Biashara zetu nyingi ziko hivyo na si aibu kuzieleza. Kinachoumiza ombi ni kuacha pengo mkaguzi alijaze mwenyewe.

Jambo la pili analotafuta ni sababu ya wewe kurudi. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe za likizo iliyoidhinishwa, pamoja na hati za mshahara. Tarehe za likizo zilingane na za ratiba. Mwenye biashara alete leseni, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) na karatasi za kodi, au zile zinazolingana nazo nchini kwake. Mwanafunzi alete barua ya chuo. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto vinasaidia, hati ya nyumba vilevile. Hati iliyo kwa Kiswahili ipelekwe kwa mfasiri anayetambulika, uweke nakala zote mbili.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi wa pili. Msiliache hili hadi siku ya miadi.

Mkiwa na ndugu wa kuwapokea, kila nchi ina utaratibu wake. Norwei ina fomu ya udhamini ambayo mwenyeji huipeleka polisi kule kwao ithibitishwe. Uswidi ina fomu ya mwaliko, na mwenyeji huambatanisha hati ya usajili wake wa ukaazi kutoka Skatteverket, mamlaka ya kodi. Zote mbili humchukua mwenyeji muda, kwa hiyo mpigie simu mapema.

Mwisho andika barua fupi ya maelezo, ukurasa mmoja: wewe ni nani, unakwenda wapi tarehe gani, nani analipa, unarudi kwenye nini. Fuata mpangilio wa ratiba, usiku kwa usiku.

Hatua ya 5: Fomu, miadi na ada

Norwei hutumia fomu ya mtandaoni: unajaza, unalipa, unachapisha na kupeleka pamoja na vielelezo. Nchi nyingine zina mfumo wao, lakini maswali yanafanana.

Yapo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja linauliza nchi kuu unayokwenda, lingine linauliza nchi utakayoingilia kwanza. Kwa ratiba yetu la kwanza ni Norwei na la pili ni Denmark. Ila ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa uhamiaji unafanyika pale pale, hivyo nchi ya kuingilia ni Uholanzi. Ukipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, inabaki Denmark.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na mpangilio huo huo uonekane kwenye bima, hoteli na tiketi. Sisi wenye majina matatu tuwe waangalifu hapa, kwani hoteli moja huandika mawili na bima ikaandika yote.

Siku ya miadi unatoa alama za vidole vyote kumi. Watoto chini ya miaka 12 wamesamehewa. Alama hubaki kwenye mfumo kwa miezi 59, kwa hiyo ukiomba tena ndani ya muda huo huenda usihitaji kuzitoa upya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Wakala huongeza ada yake ya huduma. Ukinyimwa viza, pesa hizo hazirudi. Huduma za ziada za pale kituoni, kama chumba maalumu cha kusubiri, ni za hiari na haziongezi uwezekano wa kupata viza.

Hatua ya 6: Soma ulichopewa

Viza ikitoka, ikague kabla hujaondoka dirishani. Ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa. Siku za kukaa mara nyingi ni chache kuliko nafasi kati ya tarehe hizo mbili. Ukipewa siku 15 ndani ya kipindi cha siku 30, haki yako ni siku 15, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwa mfumo wa kielektroniki badala ya muhuri, kwa hiyo siku iliyozidi inajihesabu yenyewe.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu. Isome kwa utulivu. Una haki ya kukata rufaa, na Norwei na Uswidi hutoa wiki 3 tangu upewe taarifa. Rufaa inafaa pale ambapo karatasi uliyopeleka haikuzingatiwa. Kama kasoro ni ya ombi lenyewe, mfano chanzo cha fedha hakikuelezwa, ombi jipya lililorekebishwa huwa njia ya haraka zaidi. Kwenye ombi jipya usifiche kwamba ulinyimwa, kumbukumbu iko kwenye mfumo.

Siku ya safari weka nakala za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na barua ya mwaliko kwenye begi la mkononi. Ofisa wa Copenhagen akiona viza ya Norwei anaweza kuuliza kwa nini umetua kwake, muonyeshe ratiba. Na pasipoti isikae hotelini unapopanda treni kuvuka kwenda Uswidi, kwa sababu ukaguzi kwenye mipaka ya ndani hufanyika mara kwa mara ingawa zote ni Schengen.